Bi Mwanakombo na Ukuta Alioubomoa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke aliyebomoa ukuta wake mwenyewe. Ni Bi Mwanakombo Marijani, fundi cherehani wa mtaa wa Mikokoni, pwani ya Temeke. Amefariki Jumatatu, akiwa na miaka sitini na nane.

Wengi walimjua baada ya ile dhoruba iliyoupiga mtaa wake miaka michache iliyopita. Mvua ilipiga siku mbili mfululizo, bahari ikapanda, nyumba arobaini zikaenda na maji. Watu wakakimbilia shule ya msingi. Wakaambiwa watulie, wasubiri serikali ifanye tathmini ya hasara.

Siku ya tatu Bi Mwanakombo akaazima sururu, akashuka mtaani. Vyoo vyote vilikuwa vimefurika, na watoto wanachezea maji yale yale. Kwake ulibaki ukuta mmoja tu, alioujenga marehemu mumewe, mzee Twaha. Akaanza kuubomoa.

Bintiye Munira anasimulia: "Nilimshika mkono. Nikamwambia, mama, baba katuachia huu tu! Akanijibu, ukuta mmoja sio nyumba, Munira. Ila kwa choo unatosha."

Mjumbe wa mtaa akaja, akamwamkia, akamkataza: hakuna kujenga kabla ya tathmini.

"Marahaba, mwanangu," akasema huku anapiga sururu. "Hiyo tathmini ikija, ilete hapa hapa. Sie matumbo yetu hayasubiri karatasi."

Hadi jioni wanawake sita walikuwa wanambebea matofali. Kesho yake wakaja na wanaume, na matofali waliyookota kwenye vifusi vyao. Vikasimama vyoo vinne, misingi imeinuliwa usawa wa kiuno. Mwezi ule kipindupindu kiliingia mitaa ya jirani. Mikokoni hakikuingia. Narudia: hakikuingia.

Zikafuata nyumba, zote kwa misingi ya juu. Ya kwake alitaka iwe ya mwisho. Alikaa kwenye turubai miezi kumi na minne.

"Aliulilia ule ukuta," anasema Munira. "Alidhani simsikii. Asubuhi anaamka, anauliza, leo tunajenga kwa nani?"

Masika yaliyopita maji yalipanda tena. Yakagonga misingi, yakarudi. Bi Mwanakombo alisimama mlangoni kwake, akayapigia kelele: "Mmeniona? Nipo!"

Munira, wajukuu, na Mikokoni nzima, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu.

Nasi tuliobaki, mvua zinakaribia. Mtaro wa nje kwako umeziba, na unajua umeziba. Unamsubiri nani?