Sahani ya Mlangoni

Asalaam aleikum, mama zangu na shoga zangu. Mwalimu wetu wa darsa kaniomba nieleze Mwenyezi Mungu alivyomponya mwanangu. Nitaeleza. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema, maneno haya hayanipambi.

Mtoto alianza na homa. Mnazijua homa za huku kwetu mpunga ukiwa bondeni. Tukampeleka zahanati, wakapima malaria, hakuna. Akapewa dawa, homa ikagoma. Macho yakawa mekundu bila tongotongo, midomo ikapasuka, mikono ikavimba. Hata kubebwa hakutaka. Na mimi, badala ya kushika dua, nikashika swali moja: nani kaniletea maradhi haya ndani?

Wifi yangu alikuwa kahamia kwetu kutoka Nyamisati na binti yake mdogo. Binti alikuwa na mafua, na siku zote walikula sinia moja na mwanangu. Basi, kesi nikaihukumu palepale. Nikamtolea yule mtoto kisahani cha plastiki, nikamwambia, "Wewe utakula kule mlangoni."

Wifi akasema taratibu, "Wifi, si mafua tu haya?"

"Mafua ya mwanao yataniulia wangu!"

Haikunitosha. Nikayapeleka maneno hayo kisimani. Ulimi hauna mfupa, jamani. Vitumbua alivyokuwa akiuza wifi vikaanza kurudi nyumbani vimejaa beseni. Msiinamishe vichwa, wengine wenu mlikuwa wateja wake.

Hali ikazidi, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Daktari wa watoto alimtazama ulimi, akamtazama vidole, akaagiza moyo upimwe kwa mashine. Akaniambia ni ugonjwa unaovimbisha mishipa ya damu, na ukichelewa kutibiwa unaharibu ile ya moyo. Nililia mpaka nesi akaniletea kiti. Nilipopata sauti nikauliza, "Daktari, kaambukizwa na nani?"

"Mama, chanzo chake hakijajulikana. Wengine wanadhani ni kirusi, wengine bakteria, pengine kitu kidogo tu kinachopita kooni. Watoto wengi wanakipata na kucheza wanacheza. Mmoja mmoja, mwili wake unakipokea kwa vurugu. Lakini ugonjwa wenyewe hauambukizwi kwa kula pamoja."

Wallahi, nilitaka anitajie mtu. Hakunitajia. Ile hasira ikakosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe. Nikakumbuka kule nyumbani wanangu wakubwa wanapikiwa na nani. Na wifi. Yule yule.

Mtoto alitundikiwa dripu, homa ikashuka, ngozi ya vidole ikabanduka, akaomba chai. Moyo wake umesalimika, alhamdulillahi, ingawa bado tunarudi kuupima. Tulipofika nyumbani tukasoma dua, nikapika ubwabwa, watoto wakaitwa kwenye sinia. Binti wa wifi akaja mwisho. Mkononi kashika kile kisahani. Hakuna aliyemwambia akilete. Akaenda mwenyewe kukaa mlangoni, akasubiri kupakuliwa.

Ndugu zangu, homa ya mwanangu haikuniumiza vile. Nilimfuata, nikamwambia njoo ule na mwenzio. Akamtazama kwanza mama yake, kama mtu anayeogopa mtego. Mwanangu ndiye aliyemsogezea nafasi.

Namshukuru daktari yule na manesi wake, na majirani mliotuombea. Nanyi mama zangu, mtoto akiugua, mpelekeni hospitali mapema, homa isiyoshuka msiibembeleze nyumbani. Na msiyatafutie maradhi mwenyewe. Daktari mzima kasema hajui, mimi wa kisimani nilijulia wapi?

Lakini shukrani kubwa nimeibakiza. Wifi yangu, nilikusema mbele za watu, nami mbele za watu nakuomba radhi. Nakuona umekaa kule nyuma karibu na viatu. Sogea mbele, wifi. Huko mlangoni nilikuweka mimi.