Haron Angwenyi Okemwa, Aliyeamriwa Kuondoa Majina

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Ikonge na wageni wetu mliotoka Kisii na upande wa ziwani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, naitwa Valentine, mimi ndimi kitinda mimba wa nyumba hii, na naomba mnivumilie, kwa kuwa kamati ya mazishi iliniambia sehemu ya kazi niipitie haraka, nami nimeiandika yote.

Haron Angwenyi Okemwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 hapa nyumbani, kifungua mimba wa Mzee Okemwa na Mama Gladys Mong'ina, akapewa jina la babu yetu Angwenyi aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa kuwa hapa kwetu aliyeondoka hurudishwa kwa jina lake, na ndiyo maana katika kilima hiki kimoja jina moja hubebwa na watu wengi, wote wakiwa hai na kila mmoja na shamba lake.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 2003 katika shule iliyo chini ya kanisa letu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2010, akajiunga na shule ya upili upande wa Nyamache mwezi wa Februari 2011, akamaliza Novemba 2014, kisha akachuma majani chai katika mashamba ya watu miaka miwili, hadi Januari 2017 alipoingia chuo mjini Kisii kusomea stashahada ya usimamizi wa biashara, akichagua mifumo ya habari na uchakataji wa data. Mama alimuuliza hiyo ni kazi gani ya kukaa tu, naye akamjibu, "Mama, majani yakiwa kwenye kikapu ni majani tu, lazima yanyauke, yasagwe, yakaushwe, ndiyo mtu anywe chai. Data pia iko hivyo, ikikaa mbichi haimwambii meneja kitu." Mama akamwambia, "Haya, hiyo chai yako ikiiva utuletee pamoja na mkate." Alihitimu Desemba 2019, na mkate aliuleta.

Mwezi wa Februari 2020 aliajiriwa kuwa karani wa data katika kiwanda cha chai hapa Nyamira, ambacho wazee wameniomba nisikitaje, nami nimewatii, kazi yake ikiwa kupokea kilo zilizopimwa katika vituo vya majani, kuziingiza katika kompyuta na kumpa meneja taarifa ya kila wiki, ili ijulikane gari liende wapi na mbolea igawiwe nani. Kutokana na kazi hiyo alinilipia karo nilipoingia kidato cha kwanza Mei 2022, akamjengea mama jiko, na tarehe 12 Desemba 2021 alikuwa ameshafunga ndoa na Emmah, mwenye duka la kupiga chapa mjini Kisii, binti wa Mzee Ouko kutoka upande wa ziwani, wakajaliwa mtoto mmoja, Zilpa, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2022, ambaye yuko hapa mbele amebebwa na nyanya yake.

Jumatatu tarehe 16 Januari 2023 kiwanda kilileta mfumo mpya wa kompyuta, na kabla haujawashwa makarani walikusanywa katika ofisi ya meneja, wakaambiwa wasafishe orodha ya wakulima, yaani popote penye majina mawili yanayofanana katika kituo kimoja, waunganishe, kwa kuwa huyo ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Haron alisema hapana, akaeleza kwamba akina mama wengi wazee waliandikishwa zamani bila nambari ya kitambulisho, kwa jina na kituo peke yake, akaomba wiki mbili wakulima waitwe vituoni na vitambulisho vyao, na akasema, "Kompyuta haijawahi kula ugali kwetu, haiwezi kujua kwamba akina Bitutu Nyabuto wako wanne na wote wanachuma." Watu wakacheka. Meneja hakucheka, na yeye ni wa hapa hapa, amebeba jina la babu yake kama sisi sote, alijua desturi hiyo vizuri kuliko mgeni yeyote, lakini alisema, "Wewe Haron, unataka kunifunza kazi? Hao wanatafuta mbolea mara mbili. Unganisha."

Sitawaficha kitu, kaka yangu aliunganisha, ni kidole chake kilichobonyeza, na kabla ya hapo alihifadhi nakala ya orodha ya zamani ili jambo likiharibika airudishe, ila aliiweka katika kompyuta ile ile ya ofisi, na wenye mfumo mpya walipokuja walifuta vyote vilivyokuwamo. Alinieleza mwenyewe kwamba nakala inayolala nyumba moja na ile ya kwanza si nakala, kwamba alifundishwa hivyo chuoni na akasahau, na kosa hilo alilikubali kuwa lake.

Mwezi wa Machi magokoro Bitutu, mjane, nyanya ya wengi mlio hapa, alifika kituoni na kikapu chake akaambiwa nambari yake ni ya Bitutu mwingine, na baada yake wakafuata wengine, kilo za watu wanne zikiingia kwa mmoja, na kwa kuwa mfumo hamkuuona kwa macho na Haron mlimwona kila asubuhi akipita na shati la kiwanda, hasira zenu mkazimalizia kwake. Alipopita sokoni aliitwa, "Haron wa kompyuta, leo umekula kilo za nani?" Mama alipoenda kuteka maji alisikia, "Huyo ndiye aliyezaa panya wa kiwanda." Walionena hivyo nawaona kutoka hapa niliposimama, na wengine wamekalia viti vyetu vya mbele.

Ijumaa tarehe 19 Mei 2023 kiwanda kiliita mkutano wa wakulima, na meneja akasimama mbele yenu akasema mfumo haukosei, anayekosea ni anayeulisha, akamwonyesha Haron kwa kidole, na Haron alipojaribu kueleza amri ilitoka wapi mlimpigia kelele hadi akaketi. Alifutwa kazi tarehe 31 Mei 2023, nami mwezi wa Agosti nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo alikuwa akinifundisha jikoni kutoka vitabu vyake vya chuo, ndiyo maana naweza kuwasomea haya leo.

Mwaka uliofuata kiwanda kiliwaita wakulima vituoni na vitambulisho vyao, kama alivyokuwa ameomba, majina yakatenganishwa, mkapiga makofi, na hakuna aliyefika katika lango hili kumwambia neno, isipokuwa magokoro Bitutu, aliyekuja na ndizi mbivu akasema, "Mjukuu wangu, nilikutukana bure," wakakaa wote wawili wakazila.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua, Aprili 2024 akapatikana na shinikizo la damu lililokuwa limeharibu figo, akawa anapelekwa Kisii kusafishwa damu, bila bima, kwa kuwa bima ilikwenda na kazi, akatutoka Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 saa tatu asubuhi, Emmah akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Wiki ile ya mwisho neno alilonituma ni moja, kwamba asizikwe akiitwa mwizi, na kwamba Zilpa asikulie katika kilima hiki akiitwa mtoto wa mwizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, kanisa lililokuja kuomba nasi kila Sabato, watu wa nyumbani kwa Emmah waliosafiri kutoka mbali, na majirani waliochimba kaburi hili tangu jana, pamoja na wale waliochelewa kuja miaka miwili, wao pia wameleta sukari na tumeipokea.

Wafanyakazi wenzake sijawashukuru. Programu inaonyesha kwamba anayenifuata ni ndugu Ochoki kwa niaba yao, na ndugu Ochoki alikuwa karani mwenzake, alikaa kiti cha karibu naye katika ofisi ile tarehe 16 Januari, aliisikia amri na aliyeitoa, na katika mkutano wa Mei alikuwapo pia, akanyamaza, kwa kuwa naye ana watoto, jambo ambalo Haron alilielewa na mimi bado sijalielewa. Ndugu Ochoki, kaburi liko wazi, wakulima wote wako hapa, na meneja ametuma shada la maua tu, hayupo wa kukutazama. Nimeambiwa historia imalizwe kwa kumwambia marehemu apumzike kwa amani, lakini hayo nitamwambia kaka yangu nikishakusikia wewe, kipaza sauti ni hiki.