Évariste Murhula, Aliyelitengeneza Bakuli Lile la Sandton

Wazee wa kanisa wamemwomba Hélène, dada mkubwa wa marehemu, asisome wasifu huu kwa hasira. Amejitahidi. Atakayeona moto bado upo, avumilie.

Évariste Murhula alizaliwa Bukavu tarehe 9 Agosti 1971, mtoto wa tatu wa Papa Lambert na Mama Jeanne. Alisomea ufundi huko huko, akamwoa Jeannine mwaka 1998, na mwaka 2003 wakahamia Johannesburg. Alianza kwa kukata vioo vya madirisha mtaani Fordsburg. Mwaka 2011 aliingia karakana ya vyombo vya kioo. Bosi wake akamwonyesha picha ya bakuli la Warumi wa kale, la vioo vya rangi nyingi, akamwambia ajaribu.

Alijaribu miaka mitano. Nyumbani, mtaa wa Observatory, alimweleza Jeannine kwa unga wa ngano: alikanda vijiti vya rangi mbalimbali, akavibana pamoja, akavivuta vikawa kijiti kimoja chembamba, akakikatakata. Kila kipande kilitoka na ua lile lile la rangi pale kilipokatwa. Watoto wakavikaanga, wakala somo lote. Kioo nacho ni hivyo hivyo, ila kwa moto: vipande vinapangwa, vinayeyushwa vishikane kama sahani, sahani inalainishwa juu ya kalibu yenye umbo la bakuli mpaka iiname, kisha bakuli linapozwa polepole na kusuguliwa ndani na nje. Kumi na moja yalipasuka. La kumi na mbili, Juni 2016, lilitoka zima.

Mwaka 2017 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa huko Sandton. Évariste alivaa suti yake ya harusi. Mlangoni alikuta mlinzi ni Joël, wa kanisa letu hili.

"Papa Évariste, jina lako halimo," Joël alisema. "Nikikuingiza, kesho sina kazi."

"Sharp, sawa. Basi nenda wewe, usome wameandika jina la nani kwenye bakuli."

Joël alirudi akitazama chini. Waliandika jina la bosi, peke yake. Hélène hana kinyongo na Joël, aliyelala nasi matangani. Ana kinyongo na mwizi, bosi yule, na shada la maua alilotuma msibani limerudishwa.

Vumbi la kusugua kioo lilimwingia mapafuni. Aliugua tangu Septemba 2018, akafariki hospitalini tarehe 14 Machi 2019. Siku mbili kabla, bosi alikuja, si kumpa pole. Alikuja kuuliza bakuli linapozwa kwa muda gani, kwa kuwa yote aliyojaribu mwenyewe yamepasuka.

Évariste alimtazama, akamjibu, "Si imeandikwa wewe ndiwe uliyelitengeneza?"

Ameacha mjane, Jeannine. Watoto, Héritière na Damien. Dada yake, Hélène. Na bakuli moja lenye jina la mtu mwingine.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi hatupumziki mpaka jina lile lifutwe, liandikwe lake.