Ombi la Kuuacha Ukuta wa Elementi, Chumba Namba Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Vsevolod Ignatyevich, Mkuu wa Elimu wa mji wetu wa Tobolsk, Mwalimu Mkuu, wazazi na wenzetu,

KARIBU

Sisi tuliosomea kemia katika chumba namba saba tunakupokea kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yetu. Tunashukuru shule kukarabatiwa, hasa mabomba ya kupasha joto, maana sisi tulisoma makoti yakiwa mabegani.

HISTORIA

Mwaka 1971 shule haikuwa na jedwali la elementi. Mwalimu wetu, Yevlampia Arkadyevna, aliyetutoka Februari hii, alimkabidhi brashi Timofey Gurin wa darasa la tisa alichore ukutani.

Mwalimu alizizungumzia elementi kama watu wa ukoo. Sodiamu na potasiamu, ukiwatia majini wanawaka. Klorini na bromini ni wakali, hawatulii mpaka wapate wa kuungana naye. Gesi adimu, wasioungana na yeyote, hawaombi hata chumvi kwa jirani. Sisi pia alitukalisha hivyo. Wagomvi walikaa na jamaa wa sodiamu, mbali na ndoo ya maji.

Timofey alipanga kwa uzito, mwepesi akitangulia. Kwa hiyo iodini ikaangukia kwa jamaa wa oksijeni, na teluri, iliyoizidi uzito kidogo, ikaenda kwa jamaa wa klorini; wakawa wamebadilishana nyumba. Mwalimu aliliona kosa.

"Timofey, mwanangu, nani kakwambia udugu unapimwa kwa mizani?"

"Nifute, Mwalimu?"

"Acha. Wanaokuja wawatafute wenyewe waliopotea nyumba."

Timofey tunaye leo, kajificha nyuma ya nguzo. Ana miaka hamsini na minne na bado anaogopa kuulizwa.

MAFANIKIO

Tangu hapo, kila Septemba mosi, shule inapofunguliwa, darasa jipya lilisimama mbele ya ukuta na kutafuta. Aliyepata alitakiwa aeleze kwa tabia: iodini inafanana na nani, inaungana na nani. Zawadi ilikuwa kipande cha pai ya kabichi. Wamepita hapo wauguzi, wapima maji ya mto Irtish, na walimu wa kemia kumi na mmoja. Mengine tumesahau, lakini familia zile tunazijua kama tunavyowajua shangazi zetu.

CHANGAMOTO

Mkaguzi ameandika kwamba jedwali lina kosa na litapotosha watoto. Kosa lipo, hatubishi. Ameandika pia kwamba ukuta una unyevu, kwa kuwa rangi imechubuka upande wa kulia. Plasta ya kuufunika inaanza Jumatatu.

MAOMBI

Bango jipya, lililo sahihi, litundikwe ukuta wa pili. Misumari tutaleta sisi. Huu tunaomba uachwe.

Kuhusu unyevu, Mheshimiwa, tafadhali pita uuguse mwenyewe. Ni mkavu. Miaka sita ya mwisho ya kufundisha, Yevlampia Arkadyevna hakuona vizuri, wala hakumwambia mtu. Alipapasa ukuta, akihesabu safu moja moja kwa vidole mpaka aifikie iodini. Pale rangi ilipochubuka ndipo mkono wake ulipopita.

Mungu akujalie afya wewe na wa nyumbani kwako, na udongo umlalie mwepesi mwalimu wetu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Zamani wa Chumba Namba Saba,
Tobolsk, 28 Agosti 2010