Alaere Alivyomwita Mungu

Benchi la Malam Gambo, Mhausa muuza chai, liko pale gati la boti linapoishia na lami inapoanzia, na kila anayeshuka mtoni akiwa na njaa hana budi kulipitia. Ni mbao mbili ndefu zilizopigiliwa juu ya mapipa, na mbele yake meza yenye birika, makopo ya maziwa, trei ya mayai na mikate mirefu iliyopangwa kama kuni. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika punde. Shemasi Zuokumo alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, mwisho wa benchi. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu amzike mkewe, Alaere, na siku hizi alikuja mapema kuliko zamani. Nyumbani akina mama wa kanisa walimletea chakula kila siku, na kila siku walimsifia mkewe jinsi alivyokufa vizuri. Hilo la kufa vizuri ndilo lililokuwa likimfukuza nyumbani.

Siku hiyo mjadala ulitokana na mahubiri. Jumapili iliyopita mchungaji mpya aliwakemea watu ambao bado wanamwita Mungu kama walivyomwita wazee wa Kiijo, wenyeji wa mto huu: Woyengi, Mama Yetu. Alisema huko ni kurudi gizani. Mashine, fundi wa injini za boti, mikono yake haijawahi kutakata, ndiye aliyeanza.

– Mimi nauliza tu. Hao wazee wetu walitoa wapi habari ya kwamba Mungu ni mwanamke? Maana mtu haamki tu asubuhi akasema Mungu ni mwanamke.

– Wewe unaamka asubuhi unasema injini ya watu iko tayari, na haiko tayari, alijibu Rivasi.

Rivasi ni dereva wa boti. Aliwahi kuligonga gati hilohilo kinyumenyume, mchana kweupe, na tangu siku hiyo jina alilopewa na mama yake limesahaulika.

– Nijibu, Rivasi, usikimbie.

– Rahisi sana. Zamani wanaume walikuwa kwenye kambi za uvuvi, miezi na miezi. Mtoto anakua, anauliza, mama, nani aliyeniumba? Mama anatazama kushoto, anatazama kulia, mwanamume hayupo. Anasema, ni mimi. Basi. Dini ikaanzia hapo.

– Unatupiga kamba, bwana.

– Haya, wewe ulipozaliwa baba yako alikuwa wapi?

– Usimtie baba yangu humu.

Mwalimu Dakoru, aliyestaafu shule ya msingi lakini bado hunyoosha kidole kabla ya kusema, alinyoosha kidole.

– Mnacheza na jambo kubwa. Bibi yangu alinisimulia hivi. Mama alishuka, akaketi kwenye kiti, mbele yake udongo. Akawafinyanga watu, akawapulizia pumzi, kisha akamuuliza kila mmoja: unataka kuwa mwanamume au mwanamke? Unataka maisha gani? Kila mtu akasema lake, ndipo akaja duniani. Sasa niambieni, katika mto huu wote, mmewahi kumwona mwanamume anafinyanga chungu?

Walifikiri.

– Sijamwona, alisema Rivasi.

– Basi! Kazi ya udongo ni ya nani? Ukikuta mkeka umesukwa unamuulizia msusi. Ukikuta mtu wa udongo, unamuulizia mfinyanzi. Wazee walifikiri tu kwa akili ya kawaida.

– Ngoja, Mwalimu. Kwa hiyo pua hii mimi niliiomba mwenyewe? Mashine aliuliza.

– Uliiomba kwa mdomo wako.

– Nilikuwa nimelewa.

Walicheka, hata Malam Gambo, ambaye alikuwa akimimina chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine huku akiinua mkono juu ili povu lipande. Shemasi naye alitabasamu, akiombea moyoni wasimgeukie yeye.

Kwa maana yeye alikuwa na neno. Kijitabu cha mazishi, chenye picha ya Alaere amevaa shanga nyekundu, alikiandika mwenyewe. Katika ukurasa wa mwisho aliweka, kwa Kiingereza: Maneno yake ya mwisho yalikuwa, Baba, nipokee. Kanisa zima lilisoma, watu wakalia. Haikuwa kweli. Alaere alisema Mama. Alisema wazi, macho yakiwa juu ya dari: Woyengi, Mama, nipokee. Na alichofanya Shemasi baada ya kusikia hivyo, hakuwa amemwambia mtu, hata katika maombi alikizungukazunguka.

Leo fundi wa mawe alikuwa amefika kuchonga jiwe la kaburi, uani kwake kwenye nyumba za kanisa.

– Nyote mmekosea, Mashine alisema. Mungu ni kama injini ya boti. Ukitia petroli tupu, inaungua. Ukitia oili tupu, haiwaki. Lazima uchanganye. Wazee walijua kuna Mama na kuna Baba, wamechanganywa humohumo. Halafu akaja mmisionari, akachuja, akabaki na petroli.

– Ndiyo maana dunia inaungua, Rivasi alidakia. Mimi nitawaambia siri. Yule mmisionari wa kwanza alikuwa na mke mkali. Nyumbani anaamrishwa, safarini anaamrishwa. Kafika kwetu, kauliza, nani aliyewaumba? Wazee wakasema, Mama. Mzungu wa watu akashika kichwa! Akasema moyoni, hata mbinguni tena? Akaandika Baba, akafunga kitabu haraka.

– Una ushahidi?

– Uso wake kwenye picha.

– Picha gani?

– Ningekuwa nayo ningekuonyesha.

Malam Gambo aligonga kijiko kwenye kopo.

– Mimi Mungu wangu hana mke, hana mume, hana mtoto. Mwenye kikombe kitupu akilete, chai inakwisha.

– Malam, wewe tulia, hujui mambo ya mto, alisema Rivasi.

– Najua mambo ya mto. Watu wa mto hawarudishi vikombe.

Mwalimu Dakoru aligeuka taratibu kuelekea mwisho wa benchi.

– Lakini tuna mtu wa kanisa hapa, tunapiga kelele bure. Shemasi, wewe unasemaje?

– Mniache, ndugu zangu.

– Hapana, yeye amekwisha kujibiwa nyumbani kwake, alisema Rivasi, na sauti yake ilikuwa ya heshima sasa. Mama Alaere alifunga mjadala. Binti wa Kiijo hasa, mfinyanzi, mama yake mfinyanzi. Lakini saa ya mwisho alimwita nani? Alimwita Baba. Mimi kile kijitabu nimekibandika ukutani.

– Ni kweli, alisema Mashine. Pale hakuna ubishi tena.

Shemasi alitazama chai yake. Utando wa maziwa ulikuwa umeganda juu. Alitamani waendelee kucheka, hata kama wangemcheka yeye.

Hapo ndipo Seiyefa alipotokea upande wa kanisa, kanga nyeusi ya msiba imefungwa kifuani, karatasi mkononi. Huyu ndiye binti yake wa pekee, anayeishi mjini Warri. Siku mama yake alipofariki alikuwa bado njiani, boti ya mwisho ikamwacha, akafika kesho yake. Tangu hapo alikuwa akikisoma kile kijitabu kila asubuhi.

Wanaume walisogea, wakakaa vizuri.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.

Alipiga goti kidogo mbele ya baba yake, akasimama.

– Baba, fundi ameanza. Jina amelimaliza, na miaka. Imebaki yale maneno ya mwisho. Anasema kwenye kijitabu yako kwa Kiingereza, na mimi nataka yawe kwa lugha yake, kama yalivyotoka kinywani. Jiwe halifutwi. Mama alisemaje hasa?

Rivasi alimtazama Shemasi akingoja, kisha akaacha kumtazama. Mwalimu Dakoru alinyoosha kidole, akakirudisha.

– Si alisema Baba, nipokee? Mashine alisema kwa upole, kama mtu anayemsogezea mgonjwa maji. Iweke kwa Kiijo, imekwisha.

– Namuuliza yeye, mjomba. Yeye ndiye aliyekuwapo.

Shemasi aliweka kikombe chini. Alitaka kusema kwamba hakusikia vizuri. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, mdogo tu, na wote pale wangemsaidia kuubeba. Lakini alifikiria jiwe lile limesimama uani mwake, mvua na jua, naye akilipita kila asubuhi kwenda kusali.

– Hakusema vile, alisema.

– Hakusema nini, Baba?

– Alisema, Woyengi, Mama, nipokee. Yale mengine niliyaandika mimi.

Boti moja iliwasha injini gatini, ikaondoka. Shemasi alingoja binti yake alie, au amkaripie. Seiyefa aliikunja ile karatasi mara moja tu.

– Ndivyo alivyokuwa akisema akinikanda tumbo nilipokuwa mdogo, alisema polepole. Ndivyo alivyoniombea siku zote, ukiwa umekwenda kanisani. Alinifundisha nisikwambie.

Miaka arobaini na mmoja, nyumba moja, mkeka mmoja. Shemasi alikuwa amedhani aibu yake ni ya siku moja.

– Na wewe ulimjibu nini? Seiyefa aliuliza.

– Akina mama wa kanisa walikuwa mle nyumbani, mwanangu.

– Sijauliza nani alikuwamo.

– Walikuwa wamesimama pale mlangoni, akirudia wangesikia. Niliona haya.

– Ulimjibu nini, Baba?

Mwalimu Dakoru alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine wawapishe, lakini hakuna aliyenyanyuka.

– Sikumjibu. Nilimziba mdomo. Nilisema, tuombe, nikamziba mdomo kwa mkono, nikaomba kwa sauti kubwa mpaka wale wakasema amina. Nilipoondoa mkono, hakusema tena. Aliishi mpaka alfajiri, hakusema tena.

Seiyefa alimpa baba yake mgongo, akaenda kwa fundi kwa mwendo wa kawaida, bila kuaga.

Chai ilikuwa imekwisha. Malam Gambo alikusanya vikombe bila kuvigongesha, na kwa mara ya kwanza kila mtu alirudisha chake. Rivasi, Mashine na Mwalimu walibaki wameketi, hawakujua kama kuondoka ni heshima au ni kumtupa. Kutoka upande wa nyumba za kanisa nyundo ya fundi ilianza tena kugonga, taratibu, herufi baada ya herufi.

Shemasi alikuwa ameuweka mkono wake wa kulia juu ya goti. Aliutoa, akauweka juu ya ubao. Akauingiza mfukoni. Akautoa tena, na hakujua auweke wapi.