Dozi Mbili za Mwalimu Ephrasia

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, mimi Bartholomayo, kaka wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, Mwalimu Ephrasia Raimundi Ndunguru, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1971 kijijini Ruanda, Mbinga, akasoma shule ya msingi hukohuko mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza sekondari mwaka 1989, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1992, na kuanzia Januari 1993 akafundisha hesabu hapa Kihagara, ambako wengi mnaonisikiliza mliuonja ukali wake.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu Hamphrey, wakajaliwa watoto wawili, Jacqueline na Praygod.

Machi 2022 alivimba tezi za shingo, akameza dawa za kifua kikuu miezi sita bila nafuu, hadi kipande cha tezi kilipopimwa, ikajulikana ni saratani ya seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kinga ya mwili, na daktari akatueleza kwamba siku hizi seli hizo hutambuliwa kwa alama iliyo juu yake, na ipo dripu inayoifuata alama hiyo, kwa hiyo wengi hupona, ila dozi ni sita.

Baada ya dozi nne uvimbe ulikwisha, nami nikatoa nia ya misa ya shukrani, Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, tukachinja mbuzi, tukacheza, na Jumanne yake alipotakiwa Dar es Salaam kwa dozi ya tano akaona haya kupanda basi, dozi mbili zikabaki, maana angewaambia nini watu waliokwisha kula shukrani yake. Jirani yetu Rosa peke yake alinifuata akasema, “Kaka Batho, Mungu hamnunii mtu akirudi hospitali, ninyi mnamsingizia tu,” nami nikacheka.

Uvimbe ulirudi Februari 2024, akaanza matibabu upya, akapata nafuu, akazidiwa, akafariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025. Nilimwuliza daktari kama dozi mbili zile zingemponya, akasema huenda, na huenda ugonjwa ungerudi hata hivyo, na tangu hapo sijatulia, wala simwoni wa kumlaumu, hata mwenyewe sijui nijilaumu kuanzia wapi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wote, na Rosa, ambaye leo ninamjibu kwamba alisema kweli. Na kama yupo hapa anayeona nafuu kabla dozi hazijaisha, amalize kwanza, Mungu anajua kungoja shukrani.

Dada Ephrasia, wewe upumzike kwa amani.