Hashimu Mbele ya Kamera

Benchi letu liko Mwembesongo, ubavuni mwa gereji ya baiskeli iliyokufa zamani, na Asia hutuletea birika lake la kahawa kila alasiri. Alhamisi iliyopita alitukuta tukiitazama simu moja. Tulikuwa wanne: mimi Hamza, Godlisten, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama, Abdulswamad, yaani Redio, ambaye hazimiki, na Hashimu, aliyekuwa ameishika simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Sote wanne tulifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto ya njia ya Mikese, kabla hayajafungwa.

— Kasema mwisho saa ngapi? aliuliza Wakili.

— Saa kumi na mbili, alijibu Hashimu. Nisipopiga simu, inabaki.

Aliyempa muda huo ni Rumana, binti wa marehemu Kabir aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko kuu. Nusu ya mji huu tumepigwa picha za paspoti pale, na Rumana, akiwa bado anasoma shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akitunyoosha kola. Alianza kwa kurekodi video za harusi. Alipochoka kurekodi watu wakilishana keki, akaanza kupanda milima ya Uluguru na kamera begani, akiwafuata akina mama wanaoteremsha mboga mjini. Filamu aliyoitengeneza huko ilionyeshwa hadi nchi za nje, na Kabir akabandika picha ya binti yake kwenye dirisha la studio, mahali palipokuwa pa maharusi.

Filamu ya pili ilihusu wakata miwa. Mmoja wao alieleza mbele ya kamera jinsi walivyokuwa wakilala wamerundikana, na wiki mbili baada ya filamu kutoka hakuwa na kazi tena. Rumana alimfuata kwao kumwomba radhi, akafungiwa mlango. Alikaa miaka mitatu bila kugusa kamera. Aliporudi kazini alirudi na desturi moja: ukishasema mbele ya kamera yake, anakuja kukuonyesha ulichosema, halafu anakuuliza kama bado unataka watu wakisikie.

Filamu yake ya tatu ni ya machimbo yetu. Ilikuwa ionyeshwe Jumamosi, na asubuhi ya Alhamisi hiyo alikuwa amefika kwa Hashimu na kompyuta, kumwonyesha alichosema.

— Alikwambiaje hasa? nilimuuliza Hashimu.

— Alisema, "Baba, ukitaka niitoe nitaitoa, wala sitakuuliza sababu."

Wakili akamwambia apige sasa hivi, maana mtu akikiri kwenye video ameshajihukumu mwenyewe, na karandinga la polisi litakuja mpaka hapa hapa kwenye benchi. Redio akasema karandinga ni jambo dogo. Filamu za Rumana zinafika Ulaya, na huko wana mahakama ya dunia nzima. Wakimtaka mtu wanatuma ndege, na ndege haichagui, inazoa benchi zima. Siku nyingine tungecheka. Siku ile Wakili alimuuliza kwa sauti ya chini kama ana uhakika.

Asia alikuwa amesimama na birika mkononi.

— Kwani babu Hashimu alisema nini?

Sisi tukatazama barabarani. Hashimu akamweleza mwenyewe. Machimboni kazi yake ilikuwa filimbi: kabla baruti haijalipuliwa, anapuliza mara tatu ili watu wakimbie. Siku moja alikwenda barabarani kupiga soga na dereva wa lori, muda ukampita. Baruti ikalipuka bila filimbi. Anselmi, mchimbaji mwenzetu, alikuwa chini ya mwamba, akafa. Msimamizi aliandika kwamba filimbi ililia na Anselmi akakaidi, na Hashimu akaweka sahihi.

— Miaka kumi na tisa watu wanasema Anselmi alikuwa mkaidi, alisema Hashimu. Hata kwenye mazishi walisema.

Asia alimmiminia kahawa, akasahau kuwamiminia wengine.

Saa kumi na moja na nusu, Hashimu aliifungua simu akalitafuta jina la Rumana. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tulipomwona Hosiana, mjane wa Anselmi, akija kwetu. Kwa kawaida hutusalimia na kupita. Safari hii alisimama.

— Shemeji zangu, habari za hapa?

— Nzuri, shemeji.

Akasema naye amehojiwa na Rumana, na kuna swali moja limemnyima raha tangu siku hiyo. Rumana alimuuliza kama aliisikia filimbi, kwa kuwa wakati ule walikuwa wakikaa jirani na machimbo. Alimjibu kwamba hakuisikia, ila siku zote alidhani labda ilizimwa na upepo, au na mtoto aliyekuwa analia ndani.

— Nyinyi mlikuwepo, alisema. Ililia?

Wakili alimgusa Hashimu gotini, kumzuia. Hashimu aliiweka simu chini, akasimama.

— Haikulia, Hosiana. Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi na sikuwepo. Anselmi hakukaidi chochote.

Hosiana aliketi kwenye ukingo wa benchi, mahali alipokuwa ameketi Hashimu. Hakulia. Alirudia maneno hayo polepole, kwamba hakukaidi, kama mtu anayejifunza jina jipya. Asia akachuchumaa kando yake, akamshika mkono. Saa kumi na mbili ilifika, ikapita, na simu ilikuwa bado chini.

Kisha Hosiana akainua uso, akatutazama sisi watatu tuliobaki.

— Na nyinyi shemeji zangu? Mlijua?

Wakili akainamia viatu vyake. Redio akajifanya anatafuta kikombe chake. Mimi siku ile nilikuwa nyuma ya lori jingine, ndani ya machimbo, hatua thelathini kutoka kwa Anselmi, na masikio yangu yalikuwa mazima; sikusikia filimbi yoyote.

Mpaka leo hatujamjibu.